Mtandao Ulioandikwa

Mtandao wa kampuni ndogo yenye kompyuta ishirini hivi, printa mbili na ruta iliyotundikwa ukutani unaweza kuendeshwa kwa faili chache za maandishi ya kawaida. Programu huria husifiwa zaidi kwa kutolipiwa, lakini sifa yake kubwa ni hii ya maandishi. Kilichoandikwa husomeka, hunakiliwa, na hulinganishwa na kilivyokuwa mwezi uliopita. Kilichobofywa kwenye vidirisha hubaki kichwani mwa aliyebofya, naye akihama kazi huondoka nacho.

Kazi huanza na anwani. Kiwango cha intaneti kilichochapishwa mwaka 1996 kilitenga anwani za mitandao ya ndani, zikiwemo zinazoanza na 192.168. Programu ndogo iitwayo dnsmasq, iliyotungwa na Simon Kelley, huzigawa: kompyuta ikiwashwa huomba anwani, ikakopeshwa kwa saa kadhaa. Printa hupewa ya kudumu, kwa mstari mmoja tu wa faili. Asiyeuandika mstari huo ataitwa mara kwa mara kuitafuta printa “iliyopotea” ilhali ipo palepale mezani.

Katika faili hiyohiyo, mstari unaoanza na alama ya # hausomwi na programu. Huo ni wa binadamu, na hapo ndipo fundi hodari anapojulikana. Hapotezi wino kueleza kwamba namba fulani ni ya printa, jambo linaloonekana. Huandika kwa nini ilichaguliwa, nani aliiomba, na kipi kitakwama ikibadilishwa.

Lalamiko la kila ofisi ni kwamba neti inasumbua. Mara nyingi kasi iliyolipiwa ipo, ila foleni ni mbovu. Mhasibu anapotuma faili kubwa, data zote hujipanga katika mstari mmoja mrefu kwenye modemu, na sauti ya meneja aliye kwenye kikao cha video inakatikakatika ikisubiri zamu. Mwaka 2012 kiini cha mfumo huria wa Linux kilipokea fq_codel, mbinu iliyojengwa juu ya kazi ya Kathleen Nichols na Van Jacobson. Mazungumzo hutengewa foleni mbalimbali, na data iliyokawia mno hutupwa ili mtumaji apunguze mwendo. Kutupa data ili mtandao uchangamke! Wengi hawaamini mpaka waone.

Mbinu hiyo imo katika OpenWrt, mfumo huria wa ruta. Ujanja wake ni kuiambia ruta kwamba laini ina kasi pungufu kidogo kuliko ya kweli, tuseme megabiti 18 kwa laini ya 20. Foleni basi hujipanga ndani ya ruta, inakoweza kutawaliwa, badala ya kwenye modemu au mtambo wa mtoa huduma. Kununua kasi zaidi bila kugusa foleni mara nyingi ni kuahirisha lalamiko.

Kwa hifadhi ya pamoja ya nyaraka kuna Samba, iliyoanzishwa na Andrew Tridgell huko Australia. Aliijenga kwa kuchunguza kompyuta zilivyokuwa zikizungumza zenyewe kwa zenyewe, kwa kuwa kanuni za mazungumzo hayo zilifichwa. Baada ya Microsoft kushindwa mahakamani na Tume ya Ulaya mwaka 2007, nyaraka za kanuni hizo, yaani itifaki za Windows, zilipatikana kwa malipo ya yuro 10,000. Tangu toleo la 4.0, la mwaka 2012, seva ya Samba inaweza kusimamia majina na nywila za wafanyakazi wote wanaotumia Windows.

Tridgell huyohuyo, pamoja na Paul Mackerras, alitoa programu ya rsync mwaka 1996. Hiyo hutuma sehemu zilizobadilika tu, hivyo hata laini nyembamba hutosha kupeleka nakala rudufu kila usiku kwenye jengo jingine. Fundi makini huchagua folda moja mara kwa mara na kuirejesha, ahakikishe kwamba inafunguka.

Gharama haikosekani, nayo hulipwa kwa muda. Toleo la Debian, mfumo wa Linux unaoweza kuendesha seva hizi, hupata marekebisho ya usalama kwa takriban miaka mitano, kisha seva huhamishiwa toleo jipya. Faili za mipangilio huhama nayo, pamoja na mistari yake ya #. Hupitiwa moja baada ya nyingine, kwa maana kuna vipengele vilivyobadilishwa majina na vingine vilivyofutwa kabisa.