Kinanda Kimoja, Bendi Nzima

Umeme wa kwenye soketi za Isiolo, kama wa Kenya nzima, ni wa volti 240. Kinanda kinachopigwa kwenye harusi za mji huo huhitaji volti 12, au 16 kikiwa cha hadhi ya juu kidogo. Kati ya namba hizo mbili kuna adapta, kijisanduku cheusi kinachoenea kiganjani, na hicho ndicho kifaa ambacho mpiga kinanda mzoefu hukitoa begini kabla ya kingine chochote. Hupapasa waya wake wote kutafuta palipochubuka, kisha hukitafutia mahali pakavu pasipopita miguu ya watu. Wageni bado wanapanga viti na hakuna noti iliyopigwa, ila kazi ya usiku huo imeshaanza. Sehemu yake kubwa itakuwa ya namna hiyo: kazi ambayo ikifanywa sawasawa hakuna anayeiona.

Isiolo iko kwenye nyanda kavu kaskazini mwa Mlima Kenya, mahali ambapo kwa miongo mingi lami ya kutoka Nairobi ilikomea. Waborana, Wasomali, Waturkana, Wasamburu na Wameru wanakutana hapo sokoni, shuleni na harusini, na baadhi ya familia za Kisomali za mji huo zinatokana na askari waliopewa makazi baada ya Vita Vikuu vya Kwanza. Barabara ya kwenda Moyale, karibu kilomita 500, sasa ina lami mwanzo hadi mwisho. Njia ya Merti ni ya changarawe na vumbi. Bendi kamili yenye ngoma, magitaa na tarumbeta ingehitaji lori kufika huko. Kinanda cha vibao 61 kina urefu wa takriban mita moja, kikifungwa blanketi hulala kwenye kiti cha nyuma cha Probox, na spika mbili zikabanwa pembeni.

Wepesi huo umebeba muziki wa eneo zima hili katika nyakati ngumu. Mogadishu ya miaka ya 1980 ilikuwa na bendi kama Dur-Dur na Iftin, zenye wapiga magitaa, besi, ngoma na ogani, zikitumbuiza hotelini hadi usiku wa manane. Serikali ya Somalia ilipoanguka mwaka 1991, wanamuziki walitawanyika: Nairobi, Djibouti, Ghuba, Ulaya, Amerika. Uhamishoni ni vigumu kuwakusanya tena watu wanane wanaofahamiana kimuziki. Mwimbaji mmoja na kinanda kimoja walitosha, na kwa mtindo huo nyimbo za Kisomali ziliendelea kuchezwa kwenye kumbi za mtaa wa Eastleigh, Nairobi, na popote palipokuwa na harusi. Wako wanaosikitika kwamba mashine iliua bendi. Ukweli ni kwamba bendi ziliuawa na vita, na mashine ndiyo iliyowapa waimbaji mahali pa kusimama.

Jirani yao Hailu Mergia, mpiga vinanda wa Walias Band ya Addis Ababa, alipobaki Marekani alirekodi peke yake mwaka 1985 albamu nzima kwa kodiani, piano ya umeme ya Rhodes, Moog na Yamaha DX7. Baadaye akawa dereva wa teksi mjini Washington, na kwenye buti ya gari alibeba kinanda cha betri ili afanye mazoezi akisubiri abiria uwanja wa ndege. Na ukitoka Isiolo kuelekea nchi ya Wakikuyu unakutana na mugithi wa mtu mmoja, mtindo uliopata nguvu mwishoni mwa miaka ya 1990 kwa watu kama Mike Rua: gitaa moja, sauti moja, na mdundo unaotoka kwenye mashine. Mpiga kinanda wa Isiolo ana ukoo mkubwa.

Vinanda vya aina hii vina akili ya kufuata mkono. Mkono wa kushoto ukishika noti tatu, mashine huzitambua na kujaza besi, ngoma na vyombo vya kusindikiza kulingana na mdundo uliochaguliwa. Mkono wa kulia hubaki huru kwa ajili ya wimbo. Mtu asiyejua husema basi kinanda kinajipiga chenyewe. Na ajaribu! Midundo inayotoka kiwandani imetengenezwa kwa ajili ya wanunuzi wa Ulaya, Asia na Amerika. Humo mna waltz, disko na bossa nova. Wa kuchezea dhaanto ya Kisomali, ambayo huendeshwa na makofi, haumo. Mpiga kinanda huutafuta mdundo ulio karibu, huuondolea ngoma asizozitaka, huongeza makofi, hubadilisha kasi, kisha huuhifadhi kwenye kitufe. Afanye hivyo tena kwa wimbo wa Kiborana, na tena kwa wa Kiturkana, na kwa wa injili wa Kimeru, kwa kuwa katika mji kama huo familia mbili za harusi moja huweza kutoka lugha mbili. Kinanda kinapowashwa jioni kina ndani yake mkusanyiko wa midundo usiopatikana dukani popote. Ukipotea umepotea, na ndiyo maana wenye busara huunakili kwenye flashi na kumwachia mtu mwingine aitunze.

Kisha kuna suala la noti zenyewe. Muziki wa Kisomali hutumia ngazi ya noti tano, na wa Waoromo, ambao Waborana ni sehemu yao, kwa kiasi kikubwa pia. Kinanda kina noti 12 katika kila oktavu, kwa hiyo saba zinabaki kama milango ambayo mkono umejifunza kutoifungua. Lakini uzuri wa nyimbo hizi hauko kwenye noti pekee. Uko katikati, pale sauti ya mwimbaji inapoteleza kutoka noti moja hadi nyingine. Kibao kikibonyezwa hutoa sauti iliyonyooka tu, na ndiyo sababu kushoto mwa kinanda kuna gurudumu dogo la kupinda sauti. Kwa lugha ya ndani ya mashine gurudumu hilo linaweza kutaja nafasi 16,384 kati ya juu kabisa na chini kabisa, na kwa kawaida hupandisha au kushusha noti kwa nusutoni mbili. Tazama kidole gumba cha kushoto cha mpiga kinanda hodari, namna kinavyolisukuma na kuliachia bila yeye kulitazama. Hapo ndipo chombo cha kiwandani kinapoanza kuimba kama mtu. Wenzao wa taarabu ya kisasa wa Mombasa na Zanzibar hukutana na tatizo jingine, robotoni za Kiarabu, na kwao watengenezaji walitoa vinanda vinavyoruhusu noti moja moja kushushwa. Noti tano za kaskazini hazikuhitaji hilo; zilihitaji kidole gumba.

Lugha hiyo ya ndani inaitwa MIDI, na ni miongoni mwa makubaliano mazuri kuliko yote yaliyowahi kufikiwa na wafanyabiashara wanaoshindana. Ikutaro Kakehashi wa kampuni ya Roland ya Japani na Dave Smith wa Sequential Circuits ya Marekani waliisukuma, na Januari 1983 vinanda vya makampuni yao mawili viliunganishwa hadharani kwa mara ya kwanza na vikaelewana. Ujumbe wa kupiga noti moja husafiri kwa karibu milisekunde moja. Hakuna aliyetoza ada ya kuitumia. Kwa sababu hiyo kinanda kilichopita mikononi mwa wamiliki kadhaa kabla ya kufika Isiolo bado huzungumza na kompyuta mpya ya kijana wa leo, na kompyuta hiyo ikakipa sauti ambazo chenyewe hakikuzaliwa nazo. Anachopaswa kuchunga kijana huyo ni ucheleweshaji: kompyuta ikichukua muda mrefu kati ya kidole na spika, mkono huanza kusita, na wachezaji huhisi kusita huko kabla hawajajua kumetoka wapi.

Nyuma ya mpiga kinanda kuna fundi mitambo, na mara nyingi ni mtu huyo huyo mmoja. Adui yake wa kwanza ni mvumo. Mikisa ikichomekwa kwenye soketi moja na amplifaya kwenye nyingine iliyo mbali, nyaya zao mbili za ethi na waya wa sauti hufanya mduara, na ndani ya mduara huo umeme wa mizunguko 50 kwa sekunde huingia kwenye spika kama nyuki waliofungiwa. Dawa iko kwenye mpangilio. Vyombo vyote vinywe umeme kwenye chanzo kimoja, waya wa sauti usilale sambamba na waya wa stima, na panapohitajika safari ndefu kutoka jukwaani hadi kwenye mikisa, sauti ipitishwe kwenye kisanduku cha DI kinachoigawa katika nyaya mbili zenye mawimbi yanayopingana. Uchafu wowote utakaoingia njiani utaingia kwenye nyaya zote mbili kwa pamoja, na upande wa pili zikitofautishwa uchafu hujifuta. Kati ya ufundi wote wa jukwaani huu ndio unaostahili kupendwa zaidi, kwa sababu unakubali kwamba uchafu utaingia tu, ukapanga mapema namna ya kuutoa.

Stima ikipotea, jenereta huwashwa. Jenereta ndogo ya petroli ya kawaida huzunguka mara 3,000 kwa dakika ili itoe mizunguko 50 kwa sekunde. Besi ikigonga kwa nguvu, amplifaya huvuta umeme kwa ghafla, injini hulemewa na mzunguko hushuka. Ogani za Hammond, zilizoanza kuuzwa mwaka 1935, zilikuwa na mota iliyofuata mizunguko ya umeme, kwa hiyo umeme ukilegea na wimbo wote ulishuka. Kinanda cha leo hutunza sauti yake kwa kioo cha kwazi, hakijali injini ikiyumba. Kinachokiumiza ni volti kushuka hadi kikajizima na kuanza upya katikati ya wimbo, au kupanda ghafla mzigo unapotolewa. Fundi anayejua kazi yake huwasha jenereta kwanza, huiacha itulie, ndipo huunganisha stabilaiza, kisha kinanda, kisha mikisa, na amplifaya mwisho kabisa. Wakati wa kuzima hufuata mpangilio huo kinyumenyume, amplifaya ikitangulia. Asiyefuata utaratibu huo hujitangaza kwa wageni kwa kishindo kinachoweza kupasua spika.

Halafu vumbi. Chini ya kila kibao cha kinanda kuna vipande viwili vya kaboni kwenye kikombe cha mpira. Kidole kikishuka, kimoja hugusa ubao kabla ya kingine, na mashine hupima muda uliopita kati yao: muda mfupi ni pigo la nguvu, mrefu ni pigo la upole. Upole wote wa mchezaji umo ndani ya nafasi hiyo ndogo kuliko punje ya mtama. Chembe moja ya vumbi la kiangazi ikikaa hapo, noti hukataa kulia au huruka na kupiga kelele katika mstari wa huzuni. Kwa hiyo kinanda hufunikwa kitambaa mpaka dakika ya mwisho, na mara kwa mara hufunguliwa juu ya meza safi, skrubu zikapangwa kwa mpangilio zilivyotoka, na miguso ikafutwa mmoja mmoja. Kazi hiyo haiwezi kufanywa kwa haraka. Anayefanya haraka hurudi kufungua tena.

Na kuna mambo yasiyoandikwa kwenye kitabu cha maelekezo. Mji uko karibu na ikweta, jua huzama karibu saa kumi na mbili na nusu mwaka mzima, na adhana ya Magharibi ikianza feda zote za mikisa hushuka. Ziko familia ambazo hazitaki ala kabisa, zinataka kasida na sauti za watu tu. Hapo fundi huleta vipaza sauti na spika, na kinanda hukiacha nyumbani bila kinyongo. Katika harusi ambazo wanawake na wanaume hukaa mbalimbali, mpiga kinanda huenda asiwaone wanaocheza. Huwasoma kwa makofi na vigelegele vinavyovuka turubai. Mwimbaji mzee akianza wimbo bila kusema uko kwenye noti gani, kidole huitafuta taratibu kwa sauti ya chini, kikaipata, na kitufe cha kuhamisha noti kikamaliza kazi kabla ya ubeti wa pili.

Muziki wa mashine wa Afrika Mashariki sasa una majina makubwa. Singeli ya Dar es Salaam, inayokimbia kwa mapigo 200 na zaidi kwa dakika, ilisikika ulimwenguni baada ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala kutoa mkusanyiko wa Sounds of Sisso mwaka 2017. Joseph Kamaru wa Nairobi, anayejiita KMRU, alitoa Peel mwaka 2020 na amepeleka sauti alizorekodi mitaani hadi kwenye kumbi za Ulaya. Sifa zao ni za haki. Lakini orodha ya wanaoupiga muziki huu moja kwa moja mbele ya watu haijakamilika bila wapiga kinanda wa harusi za kaskazini, ambao hadhira yao haikununua tiketi na itawaambia papo hapo, kwa kukaa chini, kwamba mdundo umepwaya.

Kinanda chao kina kitufe cha kumalizia wimbo. Ukikibonyeza, mashine hupiga hatua chache za kuagana kama ilivyofundishwa kiwandani na kunyamaza. Wapigaji wengi wa Isiolo hukiacha. Wimbo wa harusi hauna urefu unaojulikana, shangazi wa bwana harusi ndiyo kwanza wameingia uwanjani, na mkono wa kushoto unashika tena zile noti tatu.