Kazi Inayobaki Mkononi

Agosti 2005 Canon ilitangaza kamera yake ya EOS 5D. Agosti 2007 Nikon ikatangaza D300. Leo zote mbili ni mtumba wa mtumba: zimepita mikononi mwa wapiga picha wa nchi za mbali, zikauzwa, zikauzwa tena, mpaka zikamfikia kijana wa Mwanza au Mombasa anayeanza kazi na begi la kuazima. Wenye kamera mpya huzitazama kwa huruma. Mimi nazitazama kwa heshima, tena heshima ya kikazi, kwa sababu ni zana zilizomwachia mpiga picha sehemu kubwa ya kazi aifanye mwenyewe, na kila moja ilimwachia sehemu yake.

Ukisoma vipimo vyao utadhani ni mapacha. Ya Canon ina megapikseli 12.8, ya Nikon 12.3. Ya kwanza ina uzito wa gramu 810 bila betri, ya pili 825. Zote hutumia kadi nene za CompactFlash, na hakuna hata moja inayorekodi video. Hilo la video vijana huliona kasoro kubwa, lakini kamera za aina hii ndivyo zilivyokuwa hadi mwaka 2008, ilipotoka Nikon D90 na wiki chache baadaye ikatangazwa 5D Mark II. Tangu hapo mpiga picha wa harusi hana raha: akiinua kamera tu, mjumbe wa kamati anamuuliza kama anarekodi. Kamera ya zamani humkinga na swali hilo. Imekuja kwa ajili ya picha mnato, basi.

Tofauti imejificha nyuma ya kioo, kwenye sensa, yaani lile bamba dogo linalopokea mwanga. Sensa ya 5D ina ukubwa wa fremu ya filamu ya zamani, karibu milimita 36 kwa 24. Ya D300 ni milimita 23.6 kwa 15.8, eneo lake halifiki hata nusu ya lile la mwenzake. Pikseli za 5D kwa hiyo zimelala kwa nafasi, kila moja ikiwa na upana wa maikroni nane na ushee, na za D300 zimebanana kwenye maikroni 5.5 hivi. Mengi nitakayoyasema yanaanzia kwenye vipimo hivyo.

Tuanze na nyuso. Lenzi ya milimita 85 ikifungwa kwenye 5D hubaki milimita 85. Ifungue hadi f/1.8, simama hatua chache kutoka kwa mtu, na utaona macho yametulia, masikio yameanza kulainika, na ukuta wa nyuma pamoja na nyaya zake za umeme na ndoo za rangi umeyeyuka. Ili D300 itoe mpangilio huohuo na ulaini huohuo ingehitaji lenzi ya milimita 56 hivi inayofunguka hadi f/1.2, na lenzi ya namna hiyo hainunuliwi kwa malipo ya sendofu mbili.

Lakini ulaini wa nyuma ndio sehemu rahisi ya kazi hii, na nadhani tumeusifia kupita kiasi. Ufundi wenyewe uko kwenye kupima mwanga. Kipima mwanga cha kamera huamini kwamba chochote kilicho mbele yake, kikichanganywa chote, ni cha kijivu cha wastani. Kiweke mbele ya bibi harusi mwenye ngozi nyeusi aliyevaa gauni jeupe: kinaona weupe mwingi, kinashtuka, kinapunguza mwanga, na uso wa mtu unazama. Albamu zetu za harusi zimejaa nyuso zilizozama hivyo. Shangazi anafunua kurasa, anasita, anamuuliza aliyeleta albamu, “Mwanangu, huyu ndiye nani?” Na tatizo lina historia yake. Kwa miongo mingi maabara za picha za Marekani zilirekebisha rangi kwa kadi ya mfano yenye picha ya mwanamke mweupe, kadi iliyojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi kama zetu hazikuwamo kwenye hesabu.

Mwenye 5D analitatua hivi. Anageuza kipimo kisome doa la katikati peke yake, eneo la karibu asilimia 3.5 ya kile anachokiona. Analiweka doa hilo juu ya shavu lililoelekea dirishani, si lile la kivulini, kisha anabonyeza kitufe chenye alama ya nyota ili kipimo kisiondoke. Bado hajamaliza. Akiiachia kamera, itataka shavu hilo liwe la kijivu, kwa hiyo ngozi nyeusi itatoka imepauka kama iliyopakwa vumbi. Lazima ashushe mwanga kidogo, na huko kushusha ni kiasi gani hakuna kitabu kinachoweza kumwambia. Ngozi ya bibi harusi si ngozi ya mama yake, na ya saa nne asubuhi si ya saa kumi na moja jioni baada ya jasho na mafuta. Hapo ndipo jicho linapofanya kazi yake. Akizidisha mwanga, gauni linaungua na nakshi zake hazirudi. Akipunguza mno halafu ajaribu kuinua vivuli kwenye kompyuta, sensa ya 5D humlipa kwa mistari myembamba iliyokatiza gizani. Kati ya makosa hayo mawili kuna njia nyembamba, na mpiga picha hufundishwa kuipita kwa kuipita.

Elimu hii haikuletwa na kamera za dijiti. Ranchhod Oza, aliyefungua Capital Art Studio mjini Zanzibar mwaka 1930, alikuwa akipiga nyuso za kila rangi kwenye mji wenye kuta nyeupe na jua kali, tena kwa filamu nyeusi na nyeupe ambayo haionyeshi kosa mpaka isafishwe. Tazama picha za studio za pwani za enzi hizo: mwanga hauji usoni moja kwa moja, unakuja kwa pembeni, unateleza kwenye paji la uso na mfupa wa shavu, na ngozi inang’aa yenyewe. Ngozi nyeusi hupendeza zaidi kwa mng’ao unaoteleza juu yake kuliko kwa mwanga mwingi uliomwagwa mbele. Anayemwelekezea bibi harusi flashi ya juu ya kamera usoni anautupa urithi huo bila kujua.

Kioo cha nyuma cha 5D, cha inchi 2.5, nacho kina la kwake. Rangi zake si za kuaminika, na juani hakionyeshi chochote. Mafundi wake walijizoesha kuisoma grafu ya mwanga na kuachana na picha yenyewe. Nukta za kulenga ni tisa, zimejikusanya katikati, na ya kutegemewa hasa ni ile ya katikati kabisa. Ila jicho la mtu kwenye picha nzuri haliko katikati, liko juu. Kwa hiyo unalenga jicho kwanza, halafu unaisogeza kamera kupanga picha, na kwa f/1.8 kusogea huko kwa upana wa kidole kunatosha kuuhamishia ukali kwenye kope za jicho jingine. Viwiko vibanwe mbavuni, pumzi itolewe, usogeaji uwe mdogo. Kamera za leo hulitafuta jicho zenyewe na kulishika. Mwili wa mpiga picha hauna tena haja ya kujua kusimama, jambo linalonisikitisha kidogo, ingawa najua wateja hawalipii mkao wangu.

Uwanjani mambo yanageuka. Canon 5D hupiga picha tatu kwa sekunde. Mpira uliopigwa kwa kasi ya mita 25 kwa sekunde huwa umekwenda zaidi ya mita nane kati ya picha moja na inayofuata. D300 hupiga sita, na ukiifungia kishikio cha MB-D10 chenye betri nane ndogo za AA inafika nane. Mpira huohuo sasa unakwenda mita tatu. Ni nafuu kubwa, lakini usidanganyike: mguu hugusa mpira kwa karibu sehemu moja ya mia ya sekunde, na hata picha nane kwa sekunde huupita mguso huo bila kuuona. Anayebonyeza na kusubiri bahati anajaza kadi tu. Mpiga picha wa mpira anayeijua kazi yake hamtazami mwenye mpira peke yake. Anatazama bega la beki, anaona winga amevuta hatua ndefu, anajua krosi inakuja, na kidole kinashuka kabla ya jambo lenyewe. Hizo picha sita ni za kumsaidia aliyekwisha kuusoma mchezo.

Anachokipata hasa kwenye D300 ni kulenga. Ina nukta 51 zilizotapakaa karibu fremu nzima kwa upana, 15 kati yake zikiwa za aina imara zaidi, na humfuata mchezaji nukta kwa nukta. Katika hali yake inayoitwa 3D humfuata pia kwa rangi, ikitumia sensa ndogo ya pikseli 1,005 inayopima mwanga. Hapo napenda kuwazia dabi ya Kariakoo: jezi nyekundu ya Simba juu ya majani mabichi ni rahisi kushikwa, ilhali Yanga wakivaa kijani, kamera ya watu inabaki kuomba. Wengi huiacha hiyo 3D na kutumia kundi la nukta tisa au 21, nao wana sababu.

Udogo wa sensa, uliokuwa hasara kwenye nyuso, hapa unageuka kuwa faida. Lenzi ya milimita 300 huona eneo lile ambalo kwenye 5D lingehitaji milimita 450. Asiyeweza kununua lenzi ndefu hupewa na D300 kipande cha urefu bila malipo. Ndiyo maana niliipenda kwa ndege. Ziwani Naivasha wenye mashua hupiga mluzi, wakamwinua samaki ili furukombe amwone, wakamtupa majini. Ndege huachia tawi na kuja amejinyoosha. Una sekunde chache. Kichwa chake ni cheupe, mabawa meusi, na maji ya nyuma mara nyingi ni ya giza. Kipima mwanga kinaona giza jingi, kinaongeza mwanga, na kichwa cha furukombe kinaungua. Ni kosa la bibi harusi lililogeuzwa juu chini, na aliyejifunza ukumbini anajua dawa yake: shusha kabla ndege hajafika. Tena hakikisha hukuiweka kamera kwenye faili ghafi za biti 14, kwa kuwa D300 ikiwa hapo hushuka hadi picha mbili na nusu kwa sekunde, na furukombe hamngojei mtu.

Udhaifu wa D300 ni usiku. Kuanzia ISO 1600 chenga zinaingia, na kwenye 3200 ngozi hupoteza ule mng’ao niliousifu. Waliobuni D300 waliacha tiba ndani yake: flashi ndogo inayochomoza juu ya kamera inaweza kuziamuru flashi nyingine bila waya, kama SB-600 au SB-800. Weka moja nyuma ya maharusi wakati wa kucheza, nyingine pembeni mwa meza ya keki, na ukumbi wenye taa za zambarau unakuwa studio. 5D haina flashi yoyote mwilini. Kwa hiyo yule mwenye sensa nzuri gizani huenda ukumbini akitegemea mwanga uliopo, na mwenye sensa dhaifu analazimika kujifunza kuutengeneza. Nimeona wa pili akimpita wa kwanza.

Kama ningeambiwa nibaki na moja, ningeiuza D300, na si kwa sababu ni duni. Yale iliyoyafanya kwa ustadi, kasi na kulenga, kamera za sasa zinayafanya kwa namna isiyo na ubishi. Nyingine hulitambua jicho la ndege akiwa angani na kupiga picha 20 kwa sekunde bila kelele. Kijana wa michezo anayeanza leo akipata fedha, anunue mpya. Kwenye 5D hali ni tofauti. Mpe uso, dirisha, ISO 100, na picha yake ya pikseli 4,368 kwa 2,912 inatosha kuchapwa inchi 12 kwa 8 ya albamu, na sidhani mwenye albamu angeitambua kati ya picha za kamera ya mwaka huu.

Ila ukiikuta dukani, mwombe muuzaji aitoe lenzi. Kioo cha ndani cha 5D, kile kilicho nyuma ya lenzi, kilibandikwa kwa gundi, na kwenye baadhi ya kamera hizo gundi ilichoka kikadondoka; Canon iliutambua ugonjwa huo na kwa muda ikawa inavirekebisha bure. Uliza kama kioo cha hiyo unayoitaka kimekwisha kuimarishwa. Chungulia na tundu la kadi pia, uone kama vile vijiti vyembamba vya ndani vimesimama wima. Halafu nunua na kadi zake palepale, maana CompactFlash hazipatikani tena kwa urahisi.