Hongera kwa wakaidi wa New York

Kundi la muziki la Bang on a Can All-Stars linastahili pongezi, kwanza kwa ukaidi. Watunzi watatu, Michael Gordon, David Lang na Julia Wolfe, walianzisha Bang on a Can New York mwaka 1987 kwa onyesho la muziki la saa 12 mfululizo. Kundi lenyewe likaja 1992: klarineti, selo, besi, piano, gitaa la umeme na ala za kugonga, zote zikipitia vipaza sauti. Albamu ya mwanamuziki Brian Eno, Music for Airports, iliyotengenezwa studio kwa tepu, wao waliipiga kwa mikono.

Ila wasikilize wakipiga Anthracite Fields ya Wolfe, iliyopata Tuzo ya Pulitzer 2015. Kwaya inaanza kwa kuwataja wachimba makaa wa Pennsylvania waliopatwa na ajali: akina John peke yao, tena wenye majina ya ukoo ya silabi moja tu. Orodha haiishi, huku ala zikinguruma chini. Hapo gitaa la umeme si pambo hata kidogo.

Na tangu 1997 wana mfuko wa michango midogo ya wasikilizaji, kama kadi za harusi zetu, wa kuwalipa watunzi kazi mpya. Mchangiaji hajui atasikia nini. Anachanga tu.