SASS5 inamwonea mnyoo wa mtoni?

Kama umewahi kuingia mtoni na wavu kupima afya ya maji, huenda umetumia SASS5, mfumo uliochapishwa Afrika Kusini mwaka 2002. Unachota wanyama wadogo, unawatambua kwa makundi, na kila kundi lina alama yake, 1 hadi 15. Hauhitaji maabara. Hapo naupa maua yake.

Shida ni minyoo. Oligokaeta wote, Tubifex na jamaa zake, wametiwa kapu moja: alama 1. Sasa chukua mfano mdogo. Umepata makundi mawili ya wadudu wapenda maji safi, lenye 13 na lenye 12. Wastani ni 12.5. Ukiokota mnyoo mmoja tu, jumla inapanda kutoka 25 hadi 26, lakini wastani unaporomoka hadi 8.7! Awe mmoja au elfu, hesabu ni ileile. Makundi yakiwa mengi mshuko hupungua, ila hauishi.

Alama 1 inasema mnyoo anavumilia uchafu, si kwamba ameuleta. Tubifex ana hemoglobini, ndiyo maana anaishi penye oksijeni kidogo. Huzika kichwa topeni, mkia juu, akila mabaki na bakteria, kisha samaki wanamla yeye. Na wapo ndugu zake wanaoishi kwenye vijito safi kabisa.

Kwa hiyo SASS5 itumie, ila usihukumu mto kwa wastani peke yake. Soma na jumla, na minyoo uwahesabu. Wachache kati ya wadudu wa maji safi ni jambo la kawaida. Wakibaki wao tu, hapo ndipo uulize kuna nini huko juu.