Nota Kumi za Mozart Ndani ya Out of Africa

Out of Africa, filamu ya Sydney Pollack ya mwaka 1985 iliyopigwa picha Kenya, ilimpatia John Barry tuzo ya Oscar ya muziki. Hata hivyo, si kila sauti iliyomo ni ya Barry. Mozart amejaa humo. Wengi huikumbuka klarineti ya Jack Brymer katika konseto K. 622, lakini imo pia sonata ya piano K. 331, sehemu yake ya tatu, Rondo Alla Turca. Mtazamaji aliyeizima televisheni kabla ya orodha ya majina ya mwishoni ataitambuaje?

Wengi hukimbilia simu. Programu ya Shazam, kama mmoja wa waanzilishi wake, Avery Wang, alivyoieleza mwaka 2003, huchagua sauti zinazojitokeza kwa nguvu zaidi, huzipanga jozi jozi kwa umbali wa muda kati yake, kisha huzitafuta katika hazina yake. Ni kazi ya ajabu, maana hufua dafu hata penye kelele. Tatizo ni kwamba inachokijua ni rekodi, si utunzi. Mpiga piano mwingine akiicheza sonata ileile kwa mwendo wake, na rekodi yake haimo katika hazina, simu haina jibu.

Hapo ndipo mbinu ya Denys Parsons inapong'ara. Katika kitabu chake cha mwaka 1975 aliupunguza kila wimbo hadi maswali matatu tu: sauti inapanda, inashuka au inajirudia? Mwanakwaya wa kijiji cha Samunge, Tanzania, anayeijua solfa ana zaidi ya hayo. Rondo huanza ti, la, se, la, do. Hufuata pumziko fupi, kisha re, do, ti, do, mi. Kwa Parsons, nota ya kwanza ni mwanzo tu. Baada yake ni shuka, shuka, panda, panda, halafu panda, shuka, shuka, panda, panda. Umbo lile lile limerudiwa, ila limepanda juu zaidi.

Nota kumi hizo zinatosha kupunguza orodha ya watuhumiwa, lakini hazitoshi kutoa hukumu.

Ushahidi mwingine uko kwenye mapigo na mkono wa kushoto. Rondo huenda kwa mapigo mawili, 2/4, na huanzia A maina. Ikifika kwenye A meja, mkono wa kushoto hurusha nota za chini moja baada ya nyingine kwa haraka, kuiga ngoma za bendi ya askari wa Kituruki, mtindo uliopendwa sana Vienna sonata hiyo ilipochapishwa mwaka 1784. Dalili hizo zikikutana na nota kumi za mwanzo, shaka inaisha.

Walimu wa kwaya wa Samunge na Karatu wawape vijana zoezi hili: filamu moja, kalamu na solfa, kabla ya kugusa simu.