Heko kwa vijana wa Shamiri

Mwanafunzi wa kidato cha tatu hamwambii mwalimu wa zamu kwamba akilala anatamani asiamke. Atasema kichwa kinamuuma. Taasisi ya Shamiri ya Kenya imelielewa hilo, ndiyo maana haikukaa kuwasubiri madaktari wa akili, ambao ni haba na wengi wako mijini. Iliwachukua vijana wa miaka 18 hadi 22, waliomaliza sekondari juzijuzi, ikawafunza na kuwarudisha shuleni chini ya wasimamizi wenye ujuzi.

Saa moja kwa wiki, kwa wiki nne, wanafunzi huketi na mmoja wa vijana hao katika kikundi kidogo. Hawaanzi na ugonjwa. Huzungumzia jinsi mtu anavyoweza kubadilika, hutaja wanayoyashukuru na wanayoyathamini. Aliye hatarini hupelekwa kwa mtaalamu. Kijana hajifanyi daktari, na hapo ndipo ninapomvulia kofia.

Si porojo. Utafiti uliohusisha wanafunzi 413, uliochapishwa 2021 katika jarida la JAMA Psychiatry, ulionyesha dalili za sonona na wasiwasi zikipungua zaidi kwa walioshiriki vikao hivyo kuliko kwa wenzao waliofundishwa mbinu za kusoma.

Ila mimi navutiwa na umri wa vijana hawa. Aliyefanya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, majuzi bado anaikumbuka kengele ya alfajiri, na aibu ya kurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Huyo haombi kuaminiwa.

Anayehitaji msaada leo, namba 116 ya watoto hupigwa bure, Kenya na Tanzania.