Kubwa kuliko nini? Uhakiki wa kigezo kinachofichwa katika matangazo linganishi ya vishikwambi

Katika uhakiki wa lugha ya matangazo kuna mazoea ya kupokea kila dai la ukubwa au ubora kama tamathali ya semi. Tangazo likisema sabuni fulani hung'arisha kuliko zote, mhakiki huandika "chuku", akaiongeza kwenye hesabu yake, akaendelea na mfano unaofuata. Mtafiti naye alifanya hivyo katika rasimu ya kwanza ya uchambuzi huu: matangazo ya vishikwambi yaliyorushwa Marekani mwaka 2013 yaliorodheshwa chini ya chuku na kejeli, jedwali likajaa, kazi ikaonekana imekamilika. Kosa lilikuwa kubwa. Chuku ni usemi ambao msemaji na msikilizaji wote wanajua kuwa umepita kiasi; hakuna anayemdai mshairi mizani pale anaposema machozi yake yamejaza bahari. Tangazo linaloweka bidhaa mbili zenye majina bega kwa bega, likataja uzito, inchi na bei, linataka kuaminiwa neno kwa neno. Uhakiki huu unadai kwamba upotoshaji wa matangazo ya aina hiyo haumo katika takwimu zake, ambazo nyingi ni sahihi, bali katika kigezo kilichochaguliwa na kisha kunyamaziwa. Unadai pia kwamba mhakiki wa lugha hawezi kuuona upotoshaji huo bila kupima.

Neno "kishikwambi" linatumika hapa kwa maana ambayo wasomaji wengi wa Tanzania waliizoea wakati wa Sensa ya Watu na Makazi ya 2022, makarani walipopita nyumba kwa nyumba na vifaa hivyo. Matangazo yanayohakikiwa yalitangulia sensa hiyo kwa karibu mwongo mmoja, na yaliwalenga wanunuzi wa nchi nyingine. Yamechaguliwa kwa sababu vipimo vya vifaa vyenyewe viliwekwa hadharani na watengenezaji, hivyo kila dai linaweza kukaguliwa na yeyote mwenye kalamu na karatasi.

Sentensi ya ulinganishi katika Kiswahili inafaa kutumiwa kama chombo cha uchambuzi. Kivumishi chetu hakibadiliki umbo ili kuonyesha ulinganishi. "Kubwa" hubaki "kubwa", na kazi hubebwa na "kuliko" au "zaidi ya", maneno yanayodai kitajwe kitu cha pili. Tunapata basi kilinganishwa, ambacho ndicho kinachosifiwa. Kilinganishio, ambacho ndicho kinachopimiwa. Na kigezo, yaani sifa inayovikutanisha. Viwili vya kwanza hutajwa. Cha tatu hukaa ndani ya kivumishi bila kujitambulisha. Anayesema shamba la Juma ni kubwa kuliko la Asha hajasema kama amepima urefu wa mpaka mmoja au amehesabu ekari. Wasikilizaji hujaza wenyewe, na hujaza ekari, kwa kuwa wanamchukulia msemaji kuwa ametaja kile kinachohusika na kwa kiasi kinachotosha. Paul Grice, katika makala yake ya 1975 kuhusu mantiki na mazungumzo, aliiweka imani hiyo chini ya kanuni ya ushirikiano. Tangazo linganishi huishi kwa imani hiyo hiyo: husema mpaka, likaacha mtazamaji asikie ekari.

Mfano wa kwanza ni tangazo la Windows 8 ambalo Microsoft ililitoa Mei 2013. Vishikwambi viwili, iPad ya Apple na VivoTab Smart ya ASUS, vinaonekana pamoja. Sauti inayoigiza Siri, msaidizi wa sauti wa Apple, inaisemea iPad, na kazi yake kubwa ni kuomba radhi: haiwezi kufanya hili, haiwezi kufanya lile, na mwishowe inajiliwaza kwa kupendekeza wimbo mwepesi wa piano. Kama utanzu wa kejeli, kazi hii imefumwa vizuri; mshindani anafanywa kuwa shahidi dhidi yake mwenyewe, mbinu ambayo wasomaji wa ngano zetu wanaifahamu kwa wanyama wanaojisema. Haki inatutaka pia tukubali kwamba madai mawili makuu yalikuwa ya kweli kwa wakati wake. iPad ya 2013 haikuweza kuonyesha programu mbili sambamba kwenye skrini moja, uwezo uliokuja na iOS 9 mwaka 2015. Wala haikuwa na PowerPoint, iliyofika mwaka 2014. Katika sehemu hiyo kigezo kimetajwa wazi, na mtazamaji anaweza kujiamulia kama kinamhusu.

Mambo hubadilika tunapofika kwenye ukubwa. Watengenezaji walitangaza skrini ya VivoTab Smart kuwa ya inchi 10.1 na ya iPad kuwa ya inchi 9.7. Kila anayeona namba hizo husoma kwamba ya kwanza ni kubwa zaidi. Inchi hapa hupimwa kwa mshazari, kutoka kona hadi kona inayoikabili, na mshazari hauwezi kulinganisha maumbo mawili yasiyofanana. Skrini ya iPad ilikuwa na uwiano wa pande wa 4 kwa 3. Ya VivoTab, 16 kwa 9, yaani ndefu na nyembamba. Tukitumia kanuni ya Pythagoras, iPad inapata takriban inchi 7.76 kwa 5.82, ambazo ni eneo la inchi za mraba 45.2. VivoTab inapata takriban 8.80 kwa 4.95, eneo la inchi za mraba 43.6. Kifaa chenye namba kubwa ndicho chenye skrini ndogo. Namba zote mbili ni sahihi, na hakuna mtu aliyesema uongo.

Inafaa kuongeza kwamba udhaifu huu haukubuniwa na kampuni yoyote ya vishikwambi. Katika maduka yetu ya vifaa vya umeme inchi imekuwa karibu sehemu ya jina: mtu hununua televisheni "ya inchi 32" bila kuuliza inchi hizo zimepita wapi. Kwa televisheni mazoea hayo hayana madhara makubwa, kwa kuwa karibu zote zinazouzwa leo zina umbo moja. Mazoea yasiyo na madhara mahali pamoja ndiyo yanayotumiwa mahali pengine.

Hapo hapo kuna kigezo kingine kilichoachwa nje. Skrini ya VivoTab Smart ilikuwa na pikseli 1366 kwa 768, jumla ya 1,049,088. Ya iPad ya kizazi cha nne ilikuwa na 2048 kwa 1536, jumla ya 3,145,728, karibu mara tatu kamili. Pikseli hazikutajwa. Kuhusu bei, tangazo linamalizia kwa kuweka dola 449 kando ya dola 699, vifaa vyote vikiwa na hifadhi ya gigabaiti 64. Gigabaiti hizo nazo zinahitaji jicho la pili, kwa sababu mfumo endeshi wa Windows 8 ulichukua sehemu kubwa ya hifadhi. Katika Surface Pro ya gigabaiti 64, Microsoft yenyewe ilieleza mapema mwaka 2013 kwamba mtumiaji angebaki na takriban gigabaiti 23. Ni kweli pia kwamba VivoTab ilipokea kadi ya kuongeza hifadhi na iPad haikupokea. Hoja ni kwamba "64" na "64" katika mstari mmoja wa jedwali hazikuwa kitu kimoja.

Mwishoni mwa mwaka huo huo Amazon ilitoa tangazo la Kindle Fire HDX 8.9 dhidi ya iPad Air. Hapa pia kuna kejeli: sauti ya Kiingereza cha Uingereza, inayowakumbusha watazamaji namna Apple inavyosifu bidhaa zake, inaisifu iPad Air kwa taadhima, kisha sauti nyingine inakuja na takwimu. Kindle ina takriban pikseli milioni moja zaidi. Kindle ni nyepesi zaidi, tena sana. Kindle ni dola 379, iPad ni 499. Tukianza na pikseli, Kindle ilikuwa na 2560 kwa 1600, na tofauti ni 950,272, dai linasimama. Msomaji atakumbuka hata hivyo kwamba katika tangazo la kwanza pikseli zilinyamaziwa. Pikseli huhesabiwa pale iPad inaposhindwa, na husahauliwa pale inaposhinda mara tatu. Kigezo hakichaguliwi kwa sababu kinamfaa mtumiaji. Huchaguliwa baada ya mshindi kujulikana.

Dai la uzito ndilo linalostahili kukaliwa zaidi. Kindle ilikuwa na gramu 374, iPad Air gramu 469. Tofauti ni asilimia 20. Sasa tupime skrini. Inchi 8.9 katika uwiano wa 16 kwa 10 ni takriban 7.55 kwa 4.72, eneo la inchi za mraba 35.6. iPad Air, ya inchi 9.7 kama mtangulizi wake, ina 45.2. Skrini ya Kindle ni ndogo kwa asilimia 21. Wepesi unaotangazwa kama ushindi wa uhandisi unakaribiana mno na udogo ambao haukutangazwa. Tukigawa gramu kwa inchi ya mraba ya skrini, Kindle inapata 10.5 na iPad Air 10.4. Kwa kipimo hicho, aliyeshindwa ndiye mwepesi, japo kwa nafasi ndogo sana.

Pingamizi moja linastahili kujibiwa kwa uzito. Mtu anayesoma kitandani akiwa amekiinua kifaa hahisi gramu kwa inchi ya mraba. Mkono wake unahisi gramu. Kwake Kindle ni nyepesi, na tangazo limesema kweli. Mtafiti anakubali. Asichokubali ni kwamba kweli hiyo inatosha. "Nyepesi kuliko" hudokeza kwamba mambo mengine yamebaki sawa, kama ambavyo anayesema nauli ya basi lake ni ndogo kuliko ya jirani hudokeza kwamba yote mawili yanafika Morogoro. Ni kweli kwamba 8.9 imo katika jina la bidhaa. Lakini namba iliyogeuzwa kuwa jina hukoma kusikika kama kipimo, na katika tangazo zima hakuna mahali panapomwambia mtazamaji kwamba anapewa skrini iliyopungua kwa tano moja. Bei nayo ina kimya chake: dola 379 zilikuwa za toleo linaloonyesha matangazo kila skrini inapofungwa, na kuyaondoa kulihitaji dola 15 zaidi. Kiasi ni kidogo. Hata hivyo kuna jambo la kutafakari katika bidhaa ambayo bei yake ya kwenye tangazo inatokana na kukubali matangazo mengine.

Huenda mtahini akauliza kama hii bado ni kazi ya uhakiki wa lugha au imekuwa hesabu ya shule ya sekondari. Jibu ni kwamba maana inayodokezwa haiwezi kuitwa ya kupotosha mpaka ijulikane hali halisi ni ipi, na katika matini ya aina hii hali halisi ni ya vipimo. Mhakiki anayekataa kushika rula atabaki kusema kwamba tangazo "linashawishi", neno linalolifaa tangazo lolote na lisilofichua kitu. Sheria imefika karibu na hapo kabla yetu. Maelekezo ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2006 kuhusu matangazo ya kupotosha na ya ulinganishi yanataka sifa zinazolinganishwa ziwe za msingi, zinazohusika, zinazoweza kuthibitishwa na zinazowakilisha bidhaa. Inchi 10.1 na gramu 374 zinathibitishika bila shida. Swali gumu liko kwenye sharti la kuwakilisha, na hilo ni swali la maana kabla ya kuwa swali la sheria.

Apple, ambayo hadi hapa imeonekana kama mlengwa, nayo iliandika ulinganishi wa aina hii. Mwezi Julai 2012 Mahakama Kuu ya Uingereza iliamua kwamba vishikwambi vya Galaxy Tab vya Samsung havikuiga usanifu uliosajiliwa wa Apple, na baadaye Apple ikatakiwa kutangaza matokeo hayo kwenye tovuti yake. Ilitangaza. Iliripoti uamuzi, kisha ikachagua maneno ya jaji yaliyousifu usanifu wake na kuubeza wa Samsung, na ikaongeza kwamba mahakama za Ujerumani na Marekani zilikuwa zimeona vingine. Haikusema kwamba baraza la wazee wa mahakama ya Marekani lilikuwa limeona Galaxy Tab 10.1 haikukiuka hataza ya usanifu wa iPad. Taarifa ya kukiri kushindwa ikawa tangazo la kushinda. Mwezi Novemba 2012 Mahakama ya Rufani iliona taarifa hiyo inapotosha, ikaamuru iondolewe na iandikwe nyingine. Ile ya pili ilikuwa fupi na haikuwa na ulinganishi wowote. Iliwekwa chini ya ukurasa wa kwanza wa tovuti ya Uingereza, na juu yake ikakaa picha ya iPad mini iliyopangwa ijipanue kufuata ukubwa wa skrini ya msomaji, ili taarifa isionekane bila kuteremsha ukurasa. Msomaji mwenye skrini kubwa zaidi hakupata nafuu yoyote, kwa kuwa picha nayo ilikuwa kubwa zaidi.